Shafti iliyounganishwa kwa msuguano, je, itahimili bahari?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Wete. Mteja wangu ameletewa shafti ya rafadha yenye unene wa milimita 40, nusu yake feleji isiyoshika kutu na nusu feleji ya kawaida. Muuzaji anasema zimeunganishwa kwa kusuguana, bila ya kijiti cha kuchomelea wala gesi. Mimi naona alama nyembamba tu kama uzi. Je, kiungo hicho kina nguvu, au kitatuacha mkondoni?
Fundi wa Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu fundi. Muuzaji hakukuongopea, kwani kazi hiyo ipo na hutumika hata kwenye mabomba ya kuchimbia visima vya mafuta na valvu za injini unazozifungua kila siku. Kipande kimoja huzungushwa kwa kasi huku kingine kikisukumwa dhidi yake, mpaka nyuso zote mbili zinalainika bila ya kuyeyuka; kisha mzunguko husimamishwa ghafla na msukumo ukaongezwa. Chuma kilicholainika hutokeza pembeni kama ukosi, kikatoka na kutu na uchafu uliokuwamo. Uzi unaouona ndipo ukosi huo ulipokerezwa, na ni vyema umeondolewa, kwa sababu ukibaki huacha kikunjo ambamo ufa huanzia.

Kiungo kizuri kikivutwa kwenye mashine ya majaribio, mara nyingi chuma hukatika pembeni, si kwenye kiungo. Jaribio hilo, hata hivyo, lisikutoshe, maana shafti haivutwi tu: inasokotwa na kupindwa mamilioni ya mara. Pale penye kiungo nyuzi za chuma, zilizokuwa zimelala kwa urefu, hugeuka zikaelekea nje, na hapo uvumilivu wa kupindwa mara kwa mara hupungua.

Jengine ni kitovu. Katikati ya shafti kasi ya kusuguana ni sifuri, kwa hiyo joto hufika huko kwa kupenya kutoka pembeni, na mashine ikiharakishwa kitovu hubaki hakijashikana, nawe kwa nje huoni kitu. Tuseme pameachana duara la milimita 20: eneo la kuvutwa limepungua kwa robo, ilhali nguvu ya kuhimili msokoto imepungua kwa sehemu moja tu ya 16, kwa kuwa msokoto hubebwa zaidi na ngozi ya nje. Hesabu hiyo inaliwaza, lakini ukingo wa duara hilo ni ufa, na ufa hukua.

Muulize muuzaji iwapo shafti ilipashwa moto tena baada ya kuunganishwa, khasa ikiwa ile feleji ya kawaida ina kaboni nyingi, kwani ikipoa haraka hugeuka ngumu na kukatika kama kigae. Mwombe pia kipande cha mzigo huohuo kilichokatwa na kupindwa mbele yako. (Wanaotaka kujaribu kazi hii kwa mashine ya kukerezea ya karakana nawasihi waache, kwani haina breki wala msukumo unaofaa.)

Unapoifunga, nusu isiyoshika kutu iwe upande wa tezi, na ule uzi ubaki ndani ya boti, mbele ya pakingi (kizuizi cha maji pale shafti inapotokea nje ya boti). Ukipima ukaona unaangukia majini, mrejeshee muuzaji, kwa sababu maji ya chumvi yataila feleji ya kawaida palepale ilipogusana na mwenzake.