Barua kwa Mwanangu: Majina ya Miji ya Magharibi ya Marekani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo. Umeniuliza huyo Denver ambaye mji unaoishi unaitwa kwa jina lake alikuwa nani, maana wenzako kazini hawamjui, na imekuwaje miji ya huko Magharibi ikachipuka kwa muda mfupi hivyo, kila mmoja na jina lake la ajabu. Ukiyafuatilia majina hayo utakuta kwamba mengi yalitolewa na watu waliokuwa na viwanja vya kuuza au fadhila ya kuomba, na mji wako ni mfano mzuri kuliko yote.

James W. Denver alikuwa gavana wa eneo la Kansas, ambalo enzi hizo lilienea hadi kwenye milima ya Rocky. Mwezi Novemba 1858, habari za dhahabu zilipokwisha kuenea, William Larimer na wenzake walifika mahali ambapo kijito cha Cherry Creek kinaingia katika mto South Platte, wakakuta kundi jingine limekwisha kujitwalia ukingo wa mashariki na kuuita St. Charles. Kwa kuwa wenye madai hayo walikuwa wameondoka na kumwacha mlinzi mmoja tu, Larimer aliutwaa, akaupa jina la gavana kwa matumaini kwamba mkubwa huyo angewalipa hisani kwa kuufanya makao makuu ya kaunti. Kumbe Denver alikuwa amekwisha kujiuzulu, na habari hazijawafikia! Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wacheyenne na Waarapaho, makabila ya wenyeji wa huko, kwa mkataba uliotiwa saini Fort Laramie mwaka 1851, kwa hiyo waweza kusema kwamba kiwanja kiliporwa ndani ya nchi iliyokuwa inaporwa.

Baada ya dhahabu ikaja reli, nayo ilizaa miji mingi zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1862 serikali iliyapa makampuni ya reli ardhi kubwa kandokando ya njia, na kwa kuwa garimoshi lilihitaji maji na kuni au makaa kila baada ya mwendo fulani, kampuni ilichagua kituo, ikapima mitaa, ikauza viwanja, mara nyingi kabla hata ya nyumba moja kusimama. Ndivyo Grenville Dodge, mhandisi mkuu wa Union Pacific, alivyouanzisha mji wa Cheyenne mwezi Julai 1867. Mwezi uliofuata, wapiganaji Wacheyenne, watu wale wale ambao mji uliitwa kwa jina lao, waliangusha treni ya mizigo ya kampuni hiyo hiyo karibu na Plum Creek, Nebraska. Mimi sijaona mahali pengine ambapo jina la watu lilibandikwa kwenye kituo kwa haraka namna hiyo, wenyewe wakiwa bado wanapigana kuizuia reli. Watu wa Denver, walipoona reli imewapita kaskazini, walijenga tawi lao hadi Cheyenne, likakamilika mwaka 1870. Bila hilo huenda ungekuwa unaishi kwingine.

Kampuni nyingine, Northern Pacific, ilikuwa na kituo kilichoitwa Edwinton. Mwaka 1873 kikabadilishwa kuwa Bismarck, kwa heshima ya kansela wa Ujerumani, ili kuwavutia Wajerumani wenye fedha. Tombstone, yaani jiwe la kaburi, huko Arizona ni kisa cha ukaidi mtupu: Ed Schieffelin alikwenda kutafuta madini mwaka 1877, askari wakamwambia jiwe pekee atakalolipata huko ni la kaburi lake, na alipoyapata madini ya fedha akaliita eneo lake la kwanza la kuchimba kwa maneno hayo hayo.

Mji ninaoupenda ni Nicodemus, Kansas, ulioanzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kukomeshwa, ukiwa na jina linalohusishwa na mtumwa wa masimulizi. Waliahidiwa nchi njema. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba alipouliza mji uko wapi alioneshwa moshi ukitoka ardhini, kwa sababu watu walikuwa wakiishi katika mashimo waliyoyachimba kwa kukosa mbao, naye akaanza kulia. Hata hivyo walibaki, wakalima, wakajenga makanisa, hoteli na maduka, wakatumaini reli ingefika. Mwaka 1888 reli ilipita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wengi wakahamishia maduka yao huko, kwenye mji mpya wa Bogue. Nicodemus bado upo, nao tangu mwaka 1996 unahifadhiwa na serikali kuu kama eneo la kihistoria.

Mama yako anakusalimu sana, na anauliza kama koti la baridi tulilokutumia limekufikia.

Ni mimi baba yako.