Mkanda ukigoma mlimani, usikimbilie fundi

Wadogo zangu mnaoanza kushika usukani hapa Bukavu, kuna lalamiko ninalolisikia kila anapoingia mpya kazini: "Kaka, mkanda wa usalama wa kiti cha gari hili umekufa, hauvutiki." Namuuliza gari limesimama wapi. Kwa kawaida liko kwenye mteremko wa Kadutu, pua imeelekea chini.

Mkanda huo ni mzima. Ndani ya bobini inayoukunja mara nyingi mna kipira kidogo cha chuma kilicholala kwenye kikombe chake. Gari likifunga breki ghafla, au likiinama sana, kipira kinaviringika, kinainua kijino, na kijino kinang'ata gurudumu la meno. Hapo mkanda hautoki tena. Mlima mkali unakifanya kipira kidhani kuna ajali. Tena bobini inashika pia ukinyakua mkanda kwa haraka. Dawa yake ni kuuachia urudi kidogo, kisha kuuvuta polepole. Ukikataa kabisa, sogeza gari hadi tambarare. Anayefungua bobini "kuilegeza" anatoa kile kitakachomzuia siku breki zitakapombana akishuka mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola.

Kuhusu kuufunga, vijana wengi wanafunga kwa ajili ya polisi tu. Mkanda wa namna hii, wenye kipande cha juu cha kifuani na cha chini cha nyonga, uliundwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na akili yake yote ni kupeleka nguvu kwenye mifupa. Kwa hiyo kipande cha chini kilale kwenye nyonga, chini ya kitambi, kwa sababu tumboni mna ini na matumbo tu. Mama mjamzito naye aupitishe chini ya mimba, na cha juu kipite katikati ya matiti. Ukishasikia "ta!", vuta kipande cha kifuani kwenda juu ili cha chini kikaze. Cha juu kipite katikati ya bega. Kikikukwaruza shingo, tazama nguzo ya mlango: magari mengi yana kitufe cha kukishusha. Usikipitishe chini ya kwapa, utavunja mbavu. Fungua koti zito. Usilaze kiti, maana utateleza chini ya mkanda.

Abiria wawili kiti cha mbele? Najua taksi zetu. Lakini mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.

Mkanda ukiwa unarudi kivivu kwenye bobini, uvute wote hadi mwisho, angalia kama nyuzi za pembeni zimechakaa, kisha ufute vumbi kwa maji vuguvugu na sabuni laini, pamoja na ile pete ya juu unapopita. Jiki hapana, inaoza nyuzi. Ukauke kabisa kabla hujauachia.

Na ukinunuliwa mkanda wa mtumba, uliza gari lake liliishaje. Kama liligongwa, nyuzi zimekwisha kunyooka, na katika magari ya kisasa baruti inayoukaza imekwisha kulipuka. Huo rudisha, hata kama muuzaji ni rafiki wa bosi.