Bodi ya afya ya kaunti haikagui migahawa

Je, bodi ya afya ya kaunti ndiyo hukagua migahawa? Hapana, bodi haiingii jikoni kwa mtu wala haichungulii tangi la maji taka. Hiyo ni kazi ya mabwana afya wa idara ya afya ya kaunti. Chukua North Carolina, jimbo la Marekani, ambako sheria ya jimbo inaeleza wazi: bodi hutunga sera na kanuni za afya za kaunti, humteua mkurugenzi wa idara baada ya kushauriana na makamishna (viongozi waliochaguliwa kuendesha kaunti), na husikiliza rufaa.

Wajumbe ni 11: daktari, daktari wa meno, mpima macho, daktari wa mifugo, muuguzi, mfamasia, mhandisi, kamishna mmoja wa kaunti na wananchi 3 wa kawaida. Kaunti ya mashambani kumpata mpima macho wa kukaa vikaoni si mchezo, ndiyo maana akikosekana sheria inataka nafasi yake ijazwe na mwananchi.

Ila rufaa hizo ni za kanuni zilizotungwa na bodi yenyewe. Ukinyimwa kibali cha tangi chini ya kanuni za jimbo, kesi yako inakwenda ngazi ya jimbo. Na kuna kaunti ambazo makamishna wamechukua kabisa kazi za bodi, kwa hiyo angalia kwanza kaunti yako imepangwaje.