Mvua ikipiga maji taka yanarudi bafuni: bomba lako huenda halijaziba

Mkuu umeuliza kwanini kila mvua kubwa ikipiga maji machafu yanapanda kwenye bafu la chini wakati kiangazi kizima choo kinavuta vizuri tu, na fundi kashazibua mara kibao na tatizo liko palepale. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya maji taka, kuzibua, kukagua chemba, kupima laini, ntakujibu kwa niliyoyaona. Cha kwanza simamisha kwanza hela ya kuzibua. Bomba lililoziba linasumbua mvua inyeshe isinyeshe, hilo lako linalogoma siku za mvua peke yake ni kwamba limezidiwa.

Iko hivi. Laini nyingi za mtaani zinaenda kwa mteremko tu, na siku ya kawaida maji yanakimbia chinichini, bomba halijajaa, juu inapita hewa. Ukubwa wake ulipigiwa hesabu ya vyoo, mabafu na majiko basi. Sasa chukua hesabu hii: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 hizo ni lita 5,000. Mtu mmoja kwa siku tuseme anatoa maji taka lita 100, wengine zaidi wengine pungufu. Yaani paa moja tu lililochomekwa kwenye laini ya maji taka linaleta maji ya watu 50 ya kutwa nzima, alafu linayaleta ndani ya saa moja au mbili! Weka mapaa kumi ya namna hiyo uone kama kuna bomba la mtaa litahimili.

Na yapo kweli. Kuna kipimo cha moshi, tunafunga feni juu ya chemba tunapuliza moshi kwenye laini alafu tunazunguka mtaani kuangalia unatokea wapi. Inatakiwa utoke kwenye mabomba ya hewa ya vyoo kule juu, kwingine kote usitoke. Ila unakuta unafuka kwenye gata, unafuka kwenye kishimo cha katikati ya uwanja, pengine unachomoza kwenye majani kabisa, ujue hapo chini kuna bomba limepasuka. Kuna nyumba moja ya ghorofa moshi ulipanda pembe zote za paa, mwenye nyumba akatoka mbio akidhani inaungua, kumbe aliyemjengea alichomeka mabomba yote ya paa kwenye chemba ya choo na yeye hana habari. Kwake halijawahi kurudi hata tone maana yuko juu, wanaoumia ni wa bondeni kama wewe.

Bomba likishajaa maji yanaanza kupanda ndani ya chemba na yanatafuta tundu la chini kuliko yote ya kutokea. Kwenye nyumba nyingi hilo ni tundu la bafu, liko usawa wa sakafu, chini kuliko mdomo wa choo. Ndio maana unasikia choo kinabwabwaja kwanza, hiyo ni hewa inasukumwa, alafu bafu ndio linaleta maji. Ukisikia huo mlio mvua ikiwa inapiga, simamisha matumizi yote ya maji nyumba nzima hapohapo.

Kuna miji ya zamani ilijengwa bomba moja likabeba vyote, maji taka na ya mvua, London, Paris, New York sehemu kubwa, na kule mvua ikizidi mfumo wenyewe umewekewa milango ya kumwaga mtoni. London walikuja kuchimba handaki la kilomita 25 chini ya mto Thames kupokea hayo maji, limekamilika 2025, na Chicago walianza kuchimba yao tangu 1975. Miji iliyotenganisha mifumo haina milango mingi ya hivo, kwahiyo maji ya mvua yakiingia kwa wizi yanatokea kwenye chemba za barabarani au ndani kwa watu.

Sasa kuna jambo linaniuma sana na naomba wote humu mlisikie. Uwanja ukijaa maji watu wanafungua mfuniko wa chemba ya maji taka ili yashuke. Jamani msifanye hivyo!! Maji yako yanaenda kutokea bafuni kwa jirani wa chini yakiwa na kinyesi, yanaingiza mchanga unaobaki kwenye bomba mvua ikishaisha, na chemba iliyo wazi chini ya maji ya tope haionekani, mtoto akipita anazama. Na asishuke mtu kwenye chemba kuzibua, mle kuna gesi inaua kabla hujaita msaada.

Turudi kwako. Mvua ijayo angalia saa. Maji yakipanda dakika chache tu baada ya mvua kuanza na yakakata ikikata, hayo ni mapaa na viwanja vimechomekwa. Yakichelewa alafu yakaendelea siku mbili tatu jua likiwa linawaka, maji ya ardhini yamepanda yanapenya kwenye maungio ya bomba bovu, dawa yake ni tofauti kabisa, hapo ni kubadilisha au kukarabati laini.

Kwa nyumba yako kuna valvu ya kuzuia maji kurudi. Inasaidia sana ila ifungwe kwenye laini ya bafu na choo cha chini tu, maana ikifunga na kuna ghorofa linamwaga nyuma yake, maji ya ghorofani yanajaa chini kwako. Na isafishwe, nywele au kitambaa kikikaa kwenye ulimi wake haifungi. Ya pili ni rahisi zaidi, mwambie fundi ashushe gali trapu ya nje, kile kishimo cha nje ya nyumba kinachopokea maji ya bafu na jiko, iwe chini kuliko sakafu ya ndani, yakizidi yamwagike uwanjani.

Yakishaingia ndani, sabuni kwanza alafu dawa ya klorini, watoto wakae mbali. Na maji ya bomba chemsha, hasa kama yalikatika siku hiyo, maana bomba lisilo na presha linavuta uchafu kwenye nyufa.

Ukishaangalia hizo dakika rudi uandike hapa, na useme chemba ya nje ilikuwa imejaa au tupu bafu lilipoanza kuleta. Kama ilikuwa tupu basi tatizo liko kati ya chemba na nyumba, na hapo fundi wa kuzibua atakuwa na kazi ya kufanya.