Kidonge cha Baba na Jino la Mwanjelwa

Baba yangu analima viazi Uyole. Mwaka juzi tukipanda kwenda shambani nikaona kila baada ya mwendo mfupi anasimama, anajifanya anakagua viazi vya jirani. "Baba, viazi vya watu vinakuhusu nini?" Akacheka tu. Kumbe shavu la mguu lilikuwa linamkaza, na akisimama dakika chache linaachia. Ukimwona mzee wako hivyo, hasa mvuta sigara au mwenye kisukari, usisingizie uzee wala baridi ya Mbeya. Apimwe. Ateri za miguu ya baba, yaani mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, zilikuwa zimeziba kiasi, na zikiwa hivyo miguuni, mara nyingi za moyo na kichwa nazo si salama.

Akaandikiwa aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku, dawa ya kolesteroli, na amri ya kuacha sigara. Hiyo ya mwisho ilituletea ugomvi wa miezi, tuiache.

Halafu likaja jino. Mtu sokoni Mwanjelwa akamwambia mnywa aspirini aking'olewa jino damu haikatiki, basi akaacha dawa wiki mbili nzima kimya kimya. Hakupata madhara, ila daktari aliposikia alikunja uso, akatueleza kitu ambacho natamani tungeelezwa siku ya kwanza.

Damu hugandishwa kwa msaada wa chembe sahani, vijichembe vidogo vilivyomo ndani ya damu yenyewe. Mtu mzima ana kama 150,000 hadi 450,000 katika tone dogo mno, mikrolita moja. Kila chembe huishi siku 7 hadi 10, kisha uboho wa mifupa unaleta nyingine. Nilivyoelewa mimi mtoto wa mkulima, ni kama vibarua: kila siku karibu sehemu moja ya kumi wanaondoka na wapya wanaingia. Kwenye ateri zilizoziba kiasi kama za baba kazi ni nyingi, chembe zinajibandika ukutani na kwisha mapema, kwa hiyo wapya ni wengi zaidi. Aspirini ikishamfunga kibarua mikono asigandishe damu, hafunguki mpaka afe. Lakini wa kesho anakuja mikono mitupu, ndiyo maana kidonge ni cha kila siku. Ukiacha, baada ya wiki hivi karibu wote wako huru, na bonge la damu linaweza kuziba palipokwisha kuwa pembamba.

Jino moja kwa kawaida halihitaji kuacha aspirini. Unang'ata pamba, wakati mwingine unashonwa. Upasuaji mkubwa ni habari nyingine, ila wa kuamua ni daktari. Umesahau siku moja? Endelea kesho, usimeze viwili.

Kilichonishtua zaidi ni ibuprofeni, ile dawa ya maumivu. Baba alikuwa akiimeza asubuhi kwa ajili ya mgongo, kisha aspirini. Ibuprofeni ikitangulia inakalia kiti cha aspirini kwenye chembe, aspirini inapita bure. Juu ya hapo, zote mbili zinachubua tumbo. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na tafadhali, usisome hapa ukaanza kujimezea aspirini kwa sababu una miaka hamsini. Inaweza kuvujisha damu tumboni, hata kwenye ubongo.

Siku hizi pakiti ya aspirini inakaa juu ya redio ya baba. Ibuprofeni mama kaificha, na hata mimi hanionyeshi ilipo.