Pima kwanza, ndipo ufungue tangi: pampu ya petroli kwenye gari la spoti la zamani

Pampu ya kwanza niliyoibadilisha kwenye gari la spoti la zamani ilikuwa nzima. Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili, la miaka ya 1980, injini yake ya nozeli, yaani petroli hupulizwa kwa presha badala ya kupitia kabureta. Asubuhi liliwaka bila shida. Baada ya mwendo wa dakika 20, ukikanyaga mafuta kwenye mlima, linakohoa, linakata pumzi, linazima. Likikaa kando nusu saa, linawaka tena kama si lile. Nikasema pampu imechoka. Nikafunga mpya, nikalikabidhi, na kesho yake likarudi likivutwa kwa kamba. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa ethi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ulioliwa na kutu pale ulipofungwa kwenye bodi, chini ya zulia la buti. Mwenye gari nilimrudishia fedha yake yote, na tangu siku ile sifungui tangi la mtu kabla sijapima.

Wewe unayeanza, ielewe pampu ilivyo. Ni mota ndogo inayohitaji umeme wa kutosha, petroli ya kuvuta, na njia iliyo wazi ya kusukumia. Kimoja kikipungua, gari linaonyesha ugonjwa uleule, na lawama inaiangukia pampu. Kwenye gari la miaka 30 au 40, huenda pampu imeshabadilishwa mara mbili, lakini waya, soketi na tangi ni vilevile vya kiwandani. Anzia huko.

Kuhusu usalama sitarefusha, ila usiruke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutulia chini, kwa hiyo usifungue bomba la petroli ukiwa juu ya shimo la gereji wala karibu na taa ya balbu isiyofunikwa. Weka kizima moto mahali unapokifikia kwa mkono. Mfumo wa nozeli hubaki na presha hata injini ikiwa imezimwa, basi chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iwake mpaka ijifie yenyewe, kisha ndipo ulegeze kiungo, na kitambaa juu yake.

Sasa dalili. Pampu dhaifu hujitokeza injini inapodai petroli nyingi: mwendo kasi, mlima, kupita gari jingine. Barabara tambarare kwa mwendo wa pole inaweza kukuficha kila kitu. Mlio mkali kutoka nyuma unaoongezeka joto linapopanda ni dalili nyingine, hasa tangi likiwa karibu tupu, maana pampu nyingi zilizo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Lakini gari linalopigwa starta muda mrefu asubuhi, kisha likaenda vizuri siku nzima, mara nyingi limepoteza presha usiku kupitia vali ya kuzuia petroli kurudi tangini, regulata (kifaa kinachodhibiti presha ya petroli), au nozeli inayovuja. Jaribu kuwasha swichi na kuizima mara mbili tatu kabla ya starta. Likiwaka upesi, umeshajua pa kutazama.

Wengi hufungua swichi, husikiliza, na wasiposikia kitu husema pampu imekufa. Hapa umakini unahitajika. Magari mengi huendesha pampu sekunde mbili hivi swichi inapofunguliwa, lakini baadhi ya mifumo ya zamani hairuhusu pampu kwenda mpaka hewa ianze kupita. Mazda MX-5 ya kwanza yenye injini ya lita 1.6 iko hivyo: pampu husubiri kibao cha kipima hewa kisogee wakati injini inazunguka. Ukisikiliza swichi tu, utasikia kimya kwenye gari zima kabisa. Kwenye gari hilo unaunganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa F/P na GND katika kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, unafungua swichi, na pampu inakwenda. Toyota nyingi za zama zile unaunganisha Fp na +B. Tafuta mchoro wa gari lililo mbele yako kabla ya kuchomeka waya. Tundu lisilo lake linaweza kuunguza kitu cha ghali.

Relei nayo, ile swichi ya umeme inayoilisha pampu, isisahaulike. Kwenye Porsche 944, relei moja inalisha kompyuta ya injini na pampu kwa pamoja, na lehemu zake za ndani hupata nyufa nyembamba kama nywele kwa umri. Gari linazima likipata joto, linarudi likipoa, sawasawa na pampu mbovu. Fungua kifuniko cha relei, tazama lehemu kwa lenzi na mwanga wa pembeni.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha volti, na ndicho vijana wengi wanachokikosea. Wanachomoa soketi ya pampu, wanachomeka mita, wanaona volti 12, wanasema umeme upo. Waya ulioliwa na kutu ukabaki na nyuzi mbili utakuonyesha volti 12 hizohizo, kwa sababu mita haivuti mkondo wowote wa maana. Pima soketi ikiwa imechomekwa na pampu inafanya kazi, ukichomeka sindano za mita kwa nyuma ya soketi. Injini ikiwa inawaka, betri iko kati ya volti 13.5 na 14.4. Ukikuta 10.5 kwenye pampu, volti tatu zimepotea njiani, na mota inazunguka polepole bila kosa lake. Kisha weka sindano moja kwenye terminali hasi ya pampu na nyingine kwenye bati safi la bodi, pampu ikiwa bado inakwenda. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Kwa lile gari langu la kwanza, kipimo hiki cha dakika moja kingetosha.

Umeme ukiwa sawa, funga geji ya presha. Mifumo mingi ya nozeli yenye bomba la kurudisha hufanya kazi kati ya baa 2.5 na 3. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye regulata injini ikiwa inanguruma taratibu. Presha ipande karibu nusu baa. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, kiwambo cha regulata kimetoboka. K-Jetronic ya Bosch, mfumo wa zamani wa nozeli, ni habari nyingine, inakwenda karibu baa 5, basi geji ndogo usiitumie. Na magari ya kabureta yanataka baa 0.2 hadi 0.3 tu, ukifunga pampu ya nozeli pale, petroli itaishinda sindano ya kabureta na kumwagika juu ya injini ya moto.

Presha ya gari lililosimama haitoshi. Geji yenye mpira mrefu ifungwe nje, juu ya kioo cha mbele, ionekane gari likiwa linakwenda. Petroli isiingizwe kamwe ndani ya kabini. Mwenzako aendeshe, wewe tazama. Sindano ya geji ikishuka anapokanyaga mwisho, umeikamata.

Sasa utenganishe pampu na tangi. Fungua kifuniko cha tangi gari linapoanza kukohoa: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapona, kipumulio, njia ya kuingiza hewa tangini, kimeziba. Tazama filta imebadilishwa lini. Halafu elekeza bomba la kurudisha kwenye chombo kinachofungika, endesha pampu sekunde 30, upime kilichotoka na ulinganishe na kitabu cha gari hilo. Pampu inaweza kufikisha presha lakini ikatoa petroli kidogo mno. Mita ya kubana waya, inayopima ampea bila kuukata, inasaidia pia: volti ziko sawa lakini ampea ni nyingi kuliko kawaida, pampu inahangaika na filta iliyoziba au bearingi zilizokwama; ampea zikiwa kidogo, huenda inazunguka bila petroli.

Ikithibitika ni pampu, ukifungua tangi usitazame pampu peke yake. Magari haya husimama miezi mingi, petroli inachacha na kunuka kama vanishi, kutu inakaa chini. Chujio la wavu lililoziba huua pampu mpya kama lilivyoua ya zamani. Kuna kosa jingine nimelikuta mara kadhaa: mpira mfupi ndani ya tangi uliowekwa ni wa petroli wa kawaida, usiotengenezwa kuzamishwa. Unalainika, unapasuka, na presha inarudi tangini huku pampu ikiimba vizuri kabisa. Unaofaa kuzama una alama ya SAE 30R10. Baada ya kufunga, rudia vipimo vya volti na presha na uviandike, kisha badilisha filta tena baada ya kilomita mia chache, maana kutu iliyotikiswa tangini itakuwa imeshaifikia.