Kwa anayeanza kukagua tovuti za biashara za huduma: mtazame mteja kwanza

Ukikabidhiwa tovuti ya biashara uikague, mwenye biashara atakuuliza mapema: "Unaionaje?" Usiharakishe kumjibu. Maoni yako kuhusu rangi, picha na nembo hayana uzito hapo, na ya kwake pia hayana. Nyote wawili mnajua kila kitu kilipo. Wa kusikilizwa ni mtu ambaye hajawahi kuifungua, ana shida yake, bando lake ni dogo, na anataka shida iishe.

Nimekagua tovuti za kliniki, za mafundi wa viyoyozi, za kampuni za usafi na za ulinzi. Hapa nitatumia mfano wa kampuni moja ya magari ya kunyonya majitaka jijini Dar es Salaam, kwa sababu kwenye kazi ile kasoro hazijifichi. Hakuna anayefungua tovuti ya namna hiyo kujiburudisha. Chemba imejaa, wageni wako nyumbani, harufu imeanza. Anataka kujua kama mnafika huko kwake, kama mnaweza kuja leo, ni bei gani, na ampigie nani. Tovuti ile ilimpokea kwa picha kubwa ya gari jipya, salamu za mkurugenzi, dira, dhamira, na menyu yenye neno "Suluhisho". Namba ya simu ilichorwa ndani ya picha. Ukiibonyeza haipigi, ukitaka kuinakili hainakiliki.

Maswali ya wateja usiyatunge kichwani. Nenda kakae na anayepokea simu za ofisi. Dada wa mapokezi anajua ni swali gani analijibu kutwa nzima, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwombe akuonyeshe jumbe za WhatsApp za wateja, uandike maswali yanayojirudia kwa maneno yaleyale waliyotumia wao. Mteja anaandika "chemba imejaa". Tovuti inasema "usimamizi wa taka za kimiminika". Hapo umeshapata kazi ya kwanza kabla hujafungua kompyuta. Google Search Console nayo, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika wakaletewa tovuti hiyo.

Sasa tafuta watu wa kuijaribu tovuti. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti ambaye wengi wetu tumejifunza kwake, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kwa jaribio moja. Hesabu yake, aliyoitoa kwenye utafiti aliofanya na Thomas Landauer, ni kwamba mtu mmoja huibua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, na watu 5 huibua kama asilimia 85. Wengi hukariri hiyo 5 wakasahau mengine aliyosema: ni afadhali majaribio matatu ya watu watano watano, ukirekebisha katikati, kuliko jaribio moja la watu 15, na kama wateja wako ni wa aina mbili tofauti, kila aina ijaribiwe kivyake. Mama mwenye nyumba Tabata na msimamizi wa hoteli anayetaka mkataba wa mwaka hawatafuti kitu kimoja.

Mpe kila mmoja kazi, usimpe maelekezo. Ukimwambia "fungua sehemu ya Huduma uone bei" umeshampa jibu. Mwambie: "Chemba ya nyumbani imejaa, unataka gari lije kesho asubuhi. Fanya kama ambavyo ungefanya." Atumie simu yake mwenyewe, ile yenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote katika kazi hii. Kidole chako kitawasha kutaka kuonyesha kitufe kilipo. Jizuie.

Huku kwetu kuna ugumu ambao vitabu vingi vya ugenini havikuandai nao: heshima. Mtu uliyemwomba msaada hatakuvunja moyo. Atapapasa skrini dakika nzima bila kufika popote, umuulize ameionaje, aseme "iko vizuri tu". Wakubwa kwa umri ndio zaidi. Nilimuuliza mama mmoja, "Mama, hapo unatafuta nini?" akanijibu, "Aa mwanangu, mimi hizi simu sizijui vizuri." Alikuwa anazijua. Kila siku anatuma na kupokea pesa kwa simu. Kitufe ndicho kilichoandikwa kijivu juu ya cheupe, na tulikuwa tumekaa barazani juani. Kwa hiyo mwamkie, mweleze tangu mwanzo kwamba tovuti ndiyo inayopimwa, si yeye, na kwamba hukuitengeneza wewe, kama ndivyo ilivyo. Halafu andika anachofanya. Anachosifia kiweke pembeni. Aliposita ni wapi? Alirudi nyuma mara ngapi? Alikata tamaa wapi? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 kinapima urahisi wa kutumia kwa mambo matatu: mtu kufikia lengo lake, nguvu anayoitumia kulifikia, na kuridhika kwake. Hilo la kwanza likishindikana, mengine mawili yasubiri.

Kuhusu maandishi hafifu kama yale, viwango vya WCAG, vya kimataifa vya kufanya tovuti itumike na watu wote wakiwemo wenye uoni hafifu, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kuna vipimo vya bure mtandaoni vya kukuambia uwiano huo, kwa hiyo usibishane na mbunifu kwa macho.

Fomu ndizo zinazofukuza wateja wengi, na nyingi zimechukuliwa kama zilivyo kutoka nchi nyingine. Fomu ya kampuni ile ya majitaka ililazimisha msimbo wa posta, yaani postikodi. Tanzania tunazo, na mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi iliweka majina ya mitaa na namba za nyumba, lakini muulize mtu anakaa wapi atakwambia kituo cha daladala, msikiti, duka la dawa, geti la bluu. Aliyelazimishwa anaandika 00000 asonge mbele. Weka sehemu moja: "Tufikeje kwako?" na umruhusu atume mahali alipo kwa WhatsApp. Namba ya simu nayo ipokewe kwa namna zote, 07 au 06, +255, yenye nafasi au isiyo nayo. Kompyuta ndiyo ipange. Nimeona fomu ikikataa namba sahihi kwa sababu ya nafasi moja tu, na maandishi mekundu hayakusema kosa ni lipi.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee. Fomu ile ilikuwa na orodha ya kuchagua kuanzia 00:00 hadi 23:00. Mteja anayetaka gari saa nane mchana anachagua 08:00, na gari linafika saa mbili asubuhi hayupo. Hapo dereva amepoteza mafuta, mteja amekasirika, na kila mmoja anamwona mwenzake mzembe. Tulibadilisha tukaweka vitufe vitatu: asubuhi (saa 2 hadi saa 6), mchana (saa 6 hadi saa 9) na jioni (saa 9 hadi saa 12). Ukiwa na wateja wageni, andika saa kwa namna zote mbili.

Usiombe usichokihitaji. Namba ya NIDA ya nini kwa mtu anayetaka shimo linyonywe? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ukusanye zinazohitajika kwa kazi husika tu, na mteja mwenyewe, aliyechoshwa na matapeli, huishia hapohapo. Hofu hiyohiyo inajitokeza wakati wa kulipa. Mteja anaweka lipa namba, linatokea jina la mtu asiyemjua, anaghairi. Kama jina la usajili si la kampuni, liandike wazi kwenye ukurasa wa malipo kabla hajafika huko.

Juu ya bei, utapingwa. Mwenye biashara atasema inategemea umbali na ukubwa wa shimo, na kweli inategemea. Mwombe aandike bei ya kuanzia na mambo yanayoiongeza. Ukurasa usio na bei kabisa, mteja huhisi kwamba atapangiwa kulingana na sauti yake kwenye simu.

Kasi sitaiongelea sana kwa sababu dawa yake inajulikana. Picha ya megabaiti 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, ipunguze upana na uibane, mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 200. Google inapendekeza kitu kikubwa kuliko vyote kwenye sehemu ya ukurasa inayoonekana kwanza kitokee ndani ya sekunde 2.5, na zana yake ya PageSpeed Insights itakupimia bure. Halafu ijaribu kwa simu ya bei nafuu, na kwa kivinjari cha Opera Mini pia, maana bado ina watumiaji wengi na menyu za mbwembwe hugoma humo.

Ukimaliza utakuwa na orodha ndefu. Usimkabidhi bosi yote. Tenga yanayomzuia mteja kumaliza alichokuja kufanya, yatangulie. Ya kuudhi yafuate. Ya urembo yasubiri. Akibisha, usitumie nadharia. Mwonyeshe video fupi ya mtu akihangaika na tovuti yake, kwa idhini ya huyo mtu.

Mwisho kuna jambo ambalo haliko kwenye skrini. Jumamosi jioni, jaza fomu mwenyewe kama mteja, uitume, usubiri. Muulize msimamizi inaingia kwenye barua pepe ya nani na nani huifungua. Kama hakuna anayeisoma hadi Jumatatu, ama apatikane wa kuisoma, ama fomu itolewe, ibaki namba ya simu inayopokelewa.